Wazee Ishirini na Watatu wa Hamisa Mdoe

Hamisa Mdoe hakuwa mtu wa kukaa. Siku ya harusi yake, watu wa Sindeni walikuwa wakisimulia kwa kicheko, bibi harusi aliinuka mkekani mara tatu kwenda kuangalia kama maji ya wageni yamechemka. Ndoa yenyewe ilidumu miezi kumi na minne. Mume wake, fundi cherehani mpole wa Mkata, aliwaambia wazee hana ugomvi na mtoto wa watu, ila amechoka kuishi na mtu ambaye akili yake iko safarini asubuhi mpaka jioni. Wakaachana kwa heshima. Mwaka huo huo nchi ikapata Uhuru, na Hamisa, akiwa na miaka ishirini na mmoja na cheti cha darasa la nane, akapanda lori la mahindi hadi Korogwe kutafuta kazi.

Kazi aliyoipata ilikuwa ya kuosha chupa. Shamba moja la mkonge nje ya mji lilikuwa na hospitali yake ndogo, na ndani ya hospitali hiyo kulikuwa na chumba kimoja chenye meza, sinki na hadubini ya shaba iliyofunikwa kitambaa cheupe kama kitu cha ibada. Bwana wa chumba hicho alikuwa Bonaventura, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyezaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge hapo shambani. Baba yake aliletwa kutoka Songea kuwa manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa. Bonaventura mwenyewe alijifunza kupima damu kwa kumtazama mzungu mmoja miaka sita, na mzungu alipoondoka hakuna aliyeona haja ya kumtafuta mwingine.

Chupa za kuosha zilikuwa zikiisha saa nne asubuhi. Saa nne na robo Hamisa alikuwa amesimama nyuma ya bega la Bonaventura.

"Unatafuta nini hapo, Kaka Bona?"

"Vijidudu vya malaria."

"Vikoje?"

Wiki ya tatu Bonaventura alichoka kujibu, akamsogezea hadubini. "Usikikodolee kioo macho kama umedondosha sindano. Tulia. Damu yenyewe itakuonyesha."

"Siwezi kutulia."

"Basi jifanye umetulia."

Alijifanya. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anasoma vioo hamsini vya damu kwa siku. Alijifunza pia kupima sukari kwenye mkojo, kazi aliyoipenda kuliko zote: unachanganya mkojo na dawa ya bluu, unachemsha juu ya moto mdogo, na kama sukari ipo bluu inageuka kijani, kisha njano, kisha rangi ya tofali. Hakuchoka kuitazama ikigeuka.

Siku iliyomkamata kabisa ilikuwa ya mwaka wa sitini na mbili. Wodini alilala mzee mmoja mkata mkonge, mgonjwa wa kisukari, ambaye asubuhi hiyo alichomwa sindano yake ya kushusha sukari kisha uji wake ukachelewa. Hamisa alipopita na trei kukusanya chupa za mkojo alimkuta ameketi kitandani, jasho linamtiririka, anawatazama wanawe wawili kama watu aliokutana nao stesheni. Anawauliza wametoka wapi. Anawaambia warudi kwao. Mwanawe wa kike alikuwa analia. Muuguzi alikuja mbio na kikombe cha maji ya sukari, wakamnywesha kwa nguvu, nusu ikamwagika shukani. Zikapita dakika tano, labda saba. Mzee akafuta mdomo, akamtazama binti yake, akasema, "Mbona unalia, Ponsiana? Nani amekupiga?"

Hamisa alirudi maabara na trei yake akiwa hajachukua chupa hata moja.

"Kaka Bona," alisema, "watoto wake walikuwa wapi?"

"Watoto gani?"

"Watoto wa yule mzee. Walikuwa wapi ndani ya kichwa chake kabla ya sukari? Maana hawakufutika. Wangefutika wasingerudi kwa kikombe kimoja."

Bonaventura alifikiri sana, maana hakuwa mtu wa kujibu hovyo. Mwishoni akasema hajui, na kwamba katika miaka yake yote ya kupima sukari hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali kama hilo. Hamisa alilibeba swali hilo mpaka chumbani kwake, akalala nalo, akaamka nalo. Wenzake waliokuwa na umri wake walikuwa wananyonyesha.

Bei ya mkonge ilipoanguka, hospitali ya shamba ilipunguza watu, na Hamisa akahamia hospitali ya serikali mjini. Alipelekwa Dar es Salaam kwa kozi ya miezi tisa, akarudi na koti jeupe na cheo cha msaidizi wa maabara, akapanga chumba Masuguru. Kila mwezi alikwenda Sindeni kumwona mama yake, Bi Zamda, mjane aliyelima peke yake ekari mbili za mahindi na muhogo, na ambaye kila mara aliuliza swali lile lile: ameshapata mume mwingine? Hamisa alijibu bado, na Bi Zamda alisema ni sawa, lakini uso wake haukusema ni sawa.

Mwaka wa sitini na tisa alifika daktari mpya. Alikuwa Msambaa wa Bumbuli, Dakta Hiza, aliyesoma nje miaka minane, mwembamba, mwenye miwani iliyoungwa kwa plasta upande mmoja. Wiki ya kwanza alikwenda kila wodi akiwauliza wazee maswali ya ajabu. Leo ni siku gani? Jumbe wa kwenu alikuwa nani ulipokuwa kijana? Nitakutajia vitu vitatu, jembe, kanga, mbuzi. Ongea habari nyingine kidogo, halafu nirudishie. Wauguzi walicheka pembeni. Hamisa hakucheka. Alimngoja daktari mlangoni.

"Daktari, unatafuta nini?"

"Natafuta kwa nini wengine wanazeeka na akili zao na wengine zinawaacha njiani."

Akamwambia jambo ambalo Hamisa hakulipata hata kwenye kozi. Ubongo wa mtu hauzidi kilo moja na nusu, lakini unakula karibu sehemu moja kati ya tano ya chakula chote cha mwili. Hauna ghala. Ukinyimwa sukari kwa dakika chache unapotea. Na yeye, Hiza, alikuwa anashuku kwamba uzee wa akili unaanzia hapo, kwenye kula kwa ubongo, muda mrefu kabla watoto hawajaona kwamba baba anarudia hadithi.

Hamisa alimweleza habari za yule mzee na maji ya sukari. Alieleza haraka haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. Dakta Hiza alivua miwani. "Miaka saba umekaa na hili?" aliuliza. "Na hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia Bonaventura."

Kuanzia hapo walifanya kazi pamoja. Jumamosi walikwenda vijijini kwa gari la chanjo: walipima mkojo, walipima uzito, waliuliza watu wanakula nini, wakauliza jembe, kanga, mbuzi. Daftari lilijaa likaja la pili. Miaka mitatu. Kisha Wizara ikamwita Dakta Hiza Dar es Salaam kukaa ofisini, akaondoka akimwachia Hamisa madaftari yote na boksi moja la chupa za dawa ya bluu. "Endelea kuandika," alimwambia kwenye jukwaa la stesheni. "Nitarudi." Hamisa hakuamini kwamba atarudi, lakini aliendelea kuandika.

Aliandika kwa miaka miwili bila kuona kitu. Safu za majina, uzito, rangi ya mkojo, maneno matatu. Wakati mwingine aliyasoma madaftari hayo tangu ukurasa wa kwanza akahisi kuna jambo linamkwepa, kama mtu anayepita nyuma ya ukuta na unasikia hatua tu. Alikonda. Wenye nyumba walimsikia akitembea chumbani.

Ndipo ikaja hamahama ya vijiji. Mwaka wa sabini na nne watu wa vitongoji vya Sindeni waliambiwa wahamie kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka barabara ya Mkata. Wengine walikwenda kwa kupenda, wengine kwa lori la mgambo. Bi Zamda alikwenda akiwa amebeba kuku wanne na mlango wa nyumba yake, maana mlango ulikuwa wa mninga na marehemu mumewe aliuchonga mwenyewe. Nyumba mpya zilijengwa kwa mistari iliyonyooka. Mashamba yalikuwa bado msitu. Na mwaka huo mvua haikunyesha, wala mwaka uliofuata haikunyesha ya kutosha. Kunde zilikauka na maua yake. Karanga hazikuota. Mbuzi waliuzwa au walikufa. Serikali ikaleta unga wa mahindi ya njano kutoka nje, na watu wakaula asubuhi, mchana na jioni, kwa mlenda ukipatikana, kwa chumvi usipopatikana. Uliwaokoa na njaa. Hilo hakuna aliyelikataa.

Hamisa alipata ruhusa ya kwenda kumwona mama yake mwezi wa tatu mwaka wa sabini na tano. Alimkuta Bi Zamda ameketi mbele ya mlango wa mninga, anachambua mawe kwenye ungo. Hakukuwa na nafaka yoyote ndani ya ungo ule. Mawe tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Baba yako yuko nyuma anakuja?"

Baba yake alikuwa amekufa miaka kumi na tisa iliyopita. Hamisa alipiga magoti, akamshika mama mikono, ndipo akaona ngozi ya mikono hiyo. Ilikuwa nyeusi, ngumu, imepasuka kama ardhi ya mbuga, na weusi huo uliishia kwenye vifundo kwa mstari ulionyooka. Shingoni pia, pale nguo isipofunika, kulikuwa na alama iliyozunguka kama mkufu.

Jirani alimwambia asiogope, hali hiyo haikuwa ya mama yake peke yake. Wazee wengi wa kijiji walikuwa wamepoteza akili. Mzee Salimu, baba yake mwenyekiti, aliamka kila siku na kutembea kurudi kwenye mahame yao ya zamani, mara ya mwisho wakamkuta anafagia uwanja wa nyumba iliyokwisha kubomolewa. Wengine walisema wamerogwa na waliobaki nyuma. Wengine walisema ni ardhi inawakataa.

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa Isihaka, mwanamume wa miaka arobaini, mwenye bidii na sauti iliyozoea mikutano. Hamisa alimkuta ofisini.

"Ndugu Mwenyekiti, nataka kuwaona wazee wote. Mzee wako pia."

"Mzee wangu haonekani. Nimemfungia ndani."

"Umemfungia baba yako?"

Isihaka aliinamisha macho kwenye makaratasi. "Katibu kata ameniuliza mara mbili kwa nini wazee wa kijiji changu wanarudi mahameni. Anadhani tunawatuma. Anadhani ni mgomo. Nifanye nini, dada? Nimwambie wazee wangu wote wamekuwa vichaa tangu tuhamie kijiji cha ujamaa? Unajua hilo litasikikaje wilayani?"

"Nifungulie mlango."

Alimfungulia. Mzee Salimu alikuwa amekaa pembeni, mwembamba, anaharisha, mikono yake myeusi kama ya Bi Zamda. Hamisa alimtajia jembe, kanga na mbuzi. Mzee alimwuliza yeye ni mke wa nani.

Siku mbili Hamisa alipita nyumba hadi nyumba. Alihesabu wazee ishirini na watatu wenye mikono ile na akili ile. Kisha akarudi Korogwe bila kupitia chumbani kwake, akaenda moja kwa moja kwa Bonaventura, aliyekuwa amestaafu na kufuga bata karibu na korona ya zamani, kiwanda cha kuchakata mkonge. Alianza kueleza akiwa bado amesimama uani.

Bonaventura hakumwacha amalize. "Inaishia kwenye vifundo?" aliuliza. "Na shingoni kama mkufu?"

"Ndiyo."

"Wanaharisha?"

"Wengi."

"Mdogo wangu, huo si uchawi na si uzee. Nimeuona kambini nilipokuwa mtoto. Manamba walipewa posho ya unga wa mahindi, unga mtupu, mwaka mzima. Ngozi ikawa hivyo hivyo, halafu wakaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Sisi tuliuita ugonjwa wa posho. Yule mzungu wangu aliwapa vidonge vya vitamini na kuwaamuru wapishi watie maharage. Wengi walipona."

"Akili zilirudi?"

"Zilirudi kwanza, kabla ya ngozi."

Hamisa aliketi kwenye jiwe la kufulia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tatu aliona swali lake likimtazama usoni. Kuna kitu ndani ya chakula ambacho ubongo unakihitaji ili uweze kuitumia sukari yenyewe. Tumbo linaweza kujaa na ubongo ukafa njaa. Aliinuka kabla chai haijaletwa.

Stoo ya hospitali ilikuwa na vidonge vya kuwatosha watu kumi na mmoja kwa mwezi mmoja. Vingine viliagizwa, vingechukua wiki tano au zaidi. Alimpigia simu Dakta Hiza kutoka posta, na kwenye laini iliyojaa mikwaruzo daktari alimwambia afanye jambo ambalo hakulipenda lakini alilielewa: kwa kuwa vidonge havitoshi, asichague kwa macho wala kwa huruma. Apige kura. Wanaopata na wasiopata waandikwe sawasawa, wapimwe kila wiki. "Hapo tu ndipo wakubwa watakapoamini," alisema. "Vinginevyo watasema walipona wenyewe."

Kura ilipigwa mbele ya ofisi ya kijiji. Hamisa alitia ndani ya kibuyu punje kumi na moja za mahindi meupe na kumi na mbili za njano. Kila mzee, au mtu wake, alitia mkono. Nyeupe, anaanza sasa. Njano, anangoja. Mzee Salimu alitoa nyeupe, na Isihaka akageuka upande ili watu wasimwone usoni. Bi Shida, kikongwe asiye na mume wala mtoto, aliyekuwa akiishi kwenye nyumba ya mwisho ya mstari, alishikwa mkono na jirani akatoa nyeupe. Bi Zamda alitia mkono mwenyewe, akacheka kwa sababu isiyojulikana, akatoa ya njano.

Hamisa aliandika majina kumi na mawili ya njano na kumi na moja ya nyeupe. Mchana akawa na madaftari yake ndani ya nyumba ya mama. Bi Zamda alikuwa anauliza tena kama mume wake anakuja. Aliuliza mara nne. Ya tano Hamisa alichukua kalamu, akafuta jina la Bi Shida kwenye orodha ya kwanza, akaliandika kwenye ya pili, na mahali pake akaandika jina la mama yake. Hakuna aliyeona. Hakuna ambaye angeuliza habari za Bi Shida. Ndiyo maana mkono wake ulikwenda kwenye jina hilo na si jingine. Hilo alilijua wakati anaandika, na alilijua daima.

Alichukua likizo yake yote na kuhamia kijijini. Siku ya sita Mzee Salimu aliuliza kwa nini mlango wake umefungwa kwa nje. Siku ya tisa alimrudishia Hamisa jembe na mbuzi, akasahau kanga, akajikasirikia. Wiki ya tatu alikuwa anabishana na mwanawe juu ya mahali pa kupanda mtama. Katika wale waliokunywa vidonge, wanane walirudi hivyo, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotoka porini na kukuta kijiji mahali wasipokitarajia. Wawili walirudi nusu. Hamisa alitembea kutoka mlango hadi mlango na daftari, hali chakula mpaka alazimishwe.

Mmoja hakurudi kabisa. Mikono ya Bi Zamda ililainika, mkufu wa shingoni ukafifia, tumbo likatulia, akanenepa kidogo. Lakini aliendelea kumngoja mumewe. Aliposhikwa mikono ile iliyopona alitabasamu na kuuliza, "Wewe ni muuguzi wa wapi?"

Na siku ya kumi na tisa Bi Shida alikufa. Aliharisha siku mbili, jirani akaja kuita, Hamisa akakimbia, akakuta wanawake wameshamfunga kidevu.

Alisimama mlangoni pale akihesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi aliyoijua. Vidonge hamsini na saba, vitatu kwa siku. Hivyo ndivyo mama yake alivyokwisha kunywa bila faida. Alisaidia kuteka maji ya kuosha maiti. Alirudi nyumbani, akatoka, akazunguka kijiji, akarudi, akatoka tena. Siku ya tatu alimfuata Isihaka akamwambia aite watu.

Walikusanyika mbele ya ofisi, wengi wakidhani atatangaza vidonge vipya. Hamisa alifungua daftari akawaonyesha mahali alipofuta. Akasema kwa maneno machache: kura ilimpa Bi Shida, yeye akamnyang'anya akampa mama yake. Huenda Bi Shida angekufa hata kwa vidonge. Huenda asingekufa. Hajui, na hatajua.

Mwanamke mmoja alisonya, akajitanda kanga yake, akaondoka. Mzee Salimu, aliyekuwa ameketi mbele, alitazama mikono yake mwenyewe kwa muda. Mwishoni ni mwanamume mmoja wa nyuma, ambaye mama yake alitoa punje ya njano, aliyeuliza, "Hivyo vingine vinakuja lini?"

"Wiki ijayo, wakituma."

"Hawatatuma," alisema yule bwana. "Nenda kavilete."

Alikwenda. Alikaa nje ya mlango wa stoo ya mkoa Tanga siku mbili mpaka mtunza stoo akamwita kwa jina. Alirudi na vidonge, na Isihaka, ambaye wiki chache nyuma aliogopa neno moja lisije likafika wilayani, alikwenda wilayani mwenyewe, akagonga meza, akasema kijiji chake hakitaki unga tu, kinataka maharage na mbegu za karanga, na kama kusema hivyo ni kupinga ujamaa basi wamwandike jina. Hawakumwandika. Maharage yalifika mwezi wa saba, magunia kumi na nane. Wale wa punje ya njano, waliobaki kumi na mmoja, walianza vidonge, na tisa walipona.

Ripoti Hamisa aliiandika kwa mkono, kurasa thelathini. Dakta Hiza alikuja Korogwe kuichukua, akaisoma kwenye benchi la maabara mguu juu ya mguu, akitikisa kichwa kwa furaha, mpaka alipofika ukurasa wa ishirini na mbili.

"'Mgonjwa namba kumi na moja ni mama wa mwandishi,'" alisoma kwa sauti. "'Hakuchaguliwa kwa kura. Aliwekwa mahali pa mgonjwa aliyekufa siku ya kumi na tisa.'" Alivua miwani. "Dada Hamisa, mstari huu utaiua kazi yote. Huna shahada. Wanatafuta sababu ya kutokukusoma, nawe unawapa mkononi. Tuutoe. Tumtoe mama pia, tubakishe ishirini na mbili."

"Ukimtoa mama unatoa kitu cha maana kuliko vyote."

"Kipi?"

"Kwamba kuna wasahaulifu wa aina mbili. Wa njaa, na wa jambo jingine. Kwa macho wanafanana, mpaka uwalishe. Mama alikula sawa na Mzee Salimu, ngozi yake ikapona sawa na yake. Chakula kilifika. Kitu fulani ndani ya kichwa chake hakikipokei. Hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta tangu siku ya kwanza, Daktari."

"Na ule mstari?"

"Na mstari ubaki. Kama hawataamini, wasiamini."

Walibishana mpaka chai ya saa kumi. Dakta Hiza aliondoka na ripoti bila kuahidi. Miezi mitano Hamisa hakusikia neno, akawa anawaza kila namna ya mambo, akaandika barua tatu asizozituma. Kisha ikaja bahasha. Ripoti ilipigwa chapa, ina majina mawili juu, lake la kwanza. Mstari ulikuwepo. Ilisomwa kwenye mkutano wa madaktari Dar es Salaam, Hamisa akiwa ameketi safu ya nyuma kwa koti la kuazima, na kama alivyoonywa, maswali matano kati ya saba yalihusu ukurasa wa ishirini na mbili. Mmoja alisema kazi imeharibika. Mwingine, mzee wa mvi kutoka Mwanza, alisema yeye ana wagonjwa wa namna hiyo hiyo na angependa kupata nakala. Baadaye waraka ulitoka kuelekeza vijiji vinavyokula unga wa msaada vipewe na maharage. Haukumtaja mtu.

Alimhamishia mama yake Masuguru, pamoja na mlango wa mninga ambao haukuwa na fremu ya kuupokea, ukaegemezwa ukutani. Hospitali ikampa Hamisa cheo cha msaidizi wa utafiti na chumba kilichokuwa cha kuhifadhia matandiko. Jumamosi aliendelea kupanda basi la Handeni. Kufikia mwaka wa sabini na nane daftari lake lilikuwa na wazee mia moja arobaini, na swali lilikuwa limebadilika: si nani anasahau, bali nani anasahau ilhali anakula vizuri, na kusahau kwake kulianza lini. Aliwauliza watoto wao. Alirudi mwaka uliofuata akawauliza tena, na majibu hayakuwa yale yale, akarudi mara ya tatu.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliandika alichokula mama na alichokumbuka. Ijumaa moja Bi Zamda alimaliza sahani nzima ya bada, ugali wa muhogo, na kisamvu chenye karanga, na hakuweza kutaja hata jina lake mwenyewe. Jumamosi alikataa chakula, akasukuma kikombe cha uji, halafu akaanza kuwataja ndugu zake wote tisa kwa mpangilio, mkubwa hadi mdogo, pamoja na yule aliyekufa kabla ya kutambaa. Akamgeukia Hamisa.

"Na wewe umeshapata mume mwingine?"

"Bado, mama."

"Haya," alisema Bi Zamda, akageuza uso kuelekea dirishani, na alipougeuza tena hakuwa anamjua aliyeketi mbele yake.

Hamisa alitazama saa. Aliandika siku zote mbili, moja chini ya nyingine, sahani iliyokwisha na sahani iliyokataliwa, na pembeni akatia alama ya kuuliza iliyokaribia kutoboa karatasi. Hazikuingia kwenye hesabu yoyote aliyokuwa nayo. Kisha akamwita mtoto wa jirani aje akae na bibi, akatia daftari mkobani, akatoka mbio kuliwahi basi la Handeni.